Mkorosho mzee haujaumaliza udongo

Huku Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, husemwa sana kwamba mikorosho ya miaka 40 imeshanyonya udongo, hapo hapafai tena. Si kweli, angalau kwa kaboni. Kaboni iliyojenga shina na matawi mti uliivuta hewani, haukuichimba ardhini. Kila mwaka majani hudondoka, vijizizi hufa, na sehemu yake hugeuka mboji, yaani mabaki yaliyooza ya mimea, ambayo karibu nusu yake ni kaboni.

Parua chini ya mkorosho usiochomewa majani yake: juu majani mazima, chini yake yaliyovunjikavunjika yenye nyuzi nyeupe za kuvu, kisha mchanga uliokolea weusi. Ongezeko hilo la kaboni udongoni si la milele. Miaka ikienda, kasi hupungua.

Kinachotumaliza ni moto. Kufagia kabla ya kuokota korosho ni lazima, lakini kwa nini tuchome lundo la majani? Udongo wetu wa kichanga una mfinyanzi kidogo, hauishikilii mboji kwa muda mrefu, na usipoongezewa inakwisha. Mavuno yakiisha, majani yale yarudishwe chini ya miti.