Simu Yako Si Hakimu wa Rangi

Ukija kwenye maonyesho yetu ya uchoraji hapa Bagamoyo, nakuomba jambo moja: usiinue simu kando ya turubai ili kupima kama rangi ya bahari "ndiyo yenyewe". Kila msimu wa likizo nayaona haya. Familia imetoka Dar, imeogelea, imepiga picha zake, na jua likiwa kali inaingia ukumbini kutafuta kivuli. Mmoja wao anasimama mbele ya picha ya kijivu na kahawia, anafungua simu, anaonyesha buluu aliyoipiga asubuhi ile, kisha anatoa hukumu: huyu mchoraji hajui rangi. Juzi hukumu hiyo ilitolewa mbele ya mwanafunzi wangu, mwenye picha yake. Kijana aliinamisha kichwa, na mimi nikaamua kuandika.

Simu kwanza, na hapo nitapita haraka. Kamera ya simu haichukui rangi kama ilivyo. Programu yake inakisia mwanga uliopo ni wa aina gani, inaamua nyeupe ni ipi, halafu inazisogeza rangi zote zifuate uamuzi huo. Nyingi pia hukoleza anga na majani, kwa sababu watu hupenda picha zilizokolea. Weka simu mbili za kampuni tofauti zitazame wimbi moja, utapata bahari mbili. Sasa ipi kati ya hizo inamhukumu mchoraji?

Maji yenyewe ni habari ndefu zaidi. Maji safi yenye kina hufyonza mwanga mwekundu na kuacha wa buluu uturudie machoni. Yakiwa haba juu ya mchanga mweupe wa matumbawe, unapata ile feruzi ya mabango ya utalii. Ni rangi ya kweli, wala siipingi. Nenda pwani ya mashariki ya Unguja utaiona. Lakini hapa ni Bagamoyo. Kaskazini ya mji, mto Ruvu unamwaga baharini udongo uliosafiri nao kutoka Uluguru, na mbele zaidi Wami nao unamwaga wa kwake. Ufuko wetu hauna mteremko mkali, kwa hiyo wakati wa bamvua maji yakipwa yanakwenda mbali sana, na yakirudi yanalitibua tope lote. Simama karibu na soko la samaki wakati maji yanajaa, masika yakiwa yamekolea. Karibu nawe utaona rangi ya chai ya maziwa, mbele yake kijani cha zaituni, kisha mstari mwembamba wa zambarau pale upeoni. Mwanafunzi wangu alisimama hapo hapo akachora alichokiona. Kijivu chake hakikutoka kwenye tyubu. Alikipata kwa kuizima buluu ya kobalti kwa rangi ya chungwa, kidogo kidogo, kazi inayohitaji subira kuliko kufungua kopo la buluu na kupaka.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba rangi inaweza kupimwa ikiwa peke yake. Haiwezi. Huko Ufaransa, kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, yalitokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi, alizichunguza na kuona dawa ya rangi haina kasoro. Weusi ulionekana umefifia kwa sababu ya nyuzi za rangi nyingine zilizokuwa jirani yake. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na wachoraji wameishi nalo tangu hapo. Jaribu mwenyewe nyumbani: kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, kimoja ukiweke juu ya kitambaa chekundu, kingine juu ya kijani. Cha kwanza kitaelekea ukijani, cha pili kitaelekea wekundu. Karatasi ni ile ile.

Ndivyo ilivyofanywa picha ya kijana. Kijivu cha maji kimezungukwa na mchanga wenye uchungwa, kwa hiyo ukirudi nyuma hatua kadhaa na kutulia, kijivu kinaanza kuwa buluu. Buluu unayoidai ipo, na jicho lako ndilo linaloitengeneza. Unapoinua kioo cha simu kinachong'aa kando yake, unaliwekea jicho jirani mpya mwenye nguvu kuliko picha nzima, na buluu ile inakufa papo hapo. Umeiua mwenyewe, halafu unamlaumu mchoraji kwamba haipo!

Mwaka jana nilikwenda Pangani kupumzika, sikubeba rangi. Nilishinda kivulini upande wa Bweni, nikitazama kivuko kikienda na kurudi na mto ukikutana na bahari. Kahawia ilikuwa inaisukuma kijani, na mpaka kati yao ulihama kila maji yalipojaa. Miezi mingi baadaye ikazaliwa turubai yenye mapande mawili ya rangi yanayosukumana, bila mnazi, bila kivuko. Wageni wanauliza, "Pangani yenyewe iko wapi?" Ni hapo kwenye msukumano. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse naye alikwenda Tahiti, kisiwa cha Pasifiki, mwaka 1930, akiwa na miaka 60. Alichora michoro, akapiga picha, akazama kutazama samaki, lakini hakupaka karibu chochote. Mwaka 1946, akiwa Paris, ndipo alipoanza kukata karatasi nyeupe kwa mkasi, samaki, ndege na mwani, na kuzibandika ukutani. Zikatoka kazi mbili, moja ya anga na moja ya bahari, kila moja ikiwa na upana wa karibu mita 4, nyeupe juu ya kitani cha rangi ya mchanga. Bahari ya Tahiti, haina buluu hata tone.

Na wale wale wanaodai bahari ifanane na simu hutoka ukumbini wakanunua chui wa Tingatinga mwenye rangi ambayo hakuna chui aliyewahi kuwa nayo. Wananunua vizuri, nami nafurahi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya mbao nyembamba za kushindiliwa (hardboard), na hakuhitaji ruhusa ya chui. Yeye tumemzoea. Kijana wangu bado hamjamzoea.

Mashaka ninayo. Duara la rangi la vitabuni, ule mchoro unaoonyesha rangi zipi ni jirani na zipi zinapingana, halisemi kijivu kinageuka lini kuwa uchafu, na mwanafunzi akiniuliza namwambia tu ngoja, tazama tena. Sina hakika pia kama picha inayomtaka mtu arudi nyuma na kutulia inamtendea haki mzazi aliyeingia na watoto waliolowa, wanaotaka chipsi. Pengine tunamdai mengi. Na mwanga wa ukumbi unatuangusha: jioni madirisha yakifungwa na taa za mirija zikiwashwa, kila kitu kinavutwa kwenye ukijani na wekundu wote unazimika, kiasi kwamba siwezi kuitetea rangi ya picha yoyote mle ndani. Nimeshaomba taa zibadilishwe. Kwa sasa, njooni kabla ya saa kumi.