"Wallahi Ticha, Nimeokota": Vitabu vya Picha na Mkono wa Mtoto

Kila mwalimu wa chekechea hapa Mombasa amewahi kuambiwa neno hili. Kichongeo cha mwenzake kimetolewa kwenye soksi, bado kina joto la mguu, na mtoto anakukazia macho: "Wallahi ticha, nimeokota."

Nakumbuka kichongeo kimoja hasa, chekundu, cha umbo la gari. Nilikuwa mwalimu mgeni wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, huko Majengo, nimetoka chuoni kichwa kimejaa nadharia. Sikumchapa mtoto wala sikumkemea, nikajiona mstaarabu kweli. Kesho yake nikaja na kitabu cha picha cha mnyama mwizi, nikaketi mkekani, nikasoma kwa sauti nzuri, na kila nikifunua ukurasa jicho langu linamwendea yeye. Watoto si wajinga. Hatujafika katikati, mmoja akamnyooshea kidole: "Kama wewe!" Darasa zima likaangua kicheko. Kwa wiki tatu mtoto yule hakuikaribia kona ya vitabu. Alichojifunza kwangu ni kwamba kitabu ni mtego.

Tangu siku ile nina sharti: kitabu cha wizi hakisomwi wiki ya wizi. Kinasomwa siku ambayo hakuna kilichopotea, watoto wamekunywa uji, na hakuna anayejishuku. Kilichoibwa nakimaliza kando na mtoto mwenyewe, kwa maneno machache.

Sasa turudi kwenye kuokota, maana hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa miaka miwili anajua "changu", tena kwa fujo. "Chake", yaani cha mtu wa tatu, huja baadaye. Mwaka 2011 Rossano, Rakoczy na Tomasello, watafiti wa kule Ujerumani, walichapisha utafiti wao wa mwanasesere anayenyakua vitu. Watoto wa miaka miwili walilalamika kilipochukuliwa kitu chao wenyewe, lakini wale wa miaka mitatu walilalamika hata kilipochukuliwa cha mwingine. Kwa hiyo mtoto anayeingia PP1, mwaka wa kwanza, na miaka minne yake anayo hisia hiyo tayari. Kinachomponyoka, kwa nionavyo darasani, ni kumkumbuka mwenye kitu wakati mwenyewe haonekani. Kichongeo kilichoanguka sakafuni hakina uso. Na lugha yetu inampa neno safi la kukichukulia, kwa sababu kuokota si kosa.

Picha inampa mwenye kitu uso, na hilo mawaidha yangu hayakuliweza. Picha ninayoanzia siku hizi niliichora mwenyewe, na si mchoraji: mlango wa msikiti, viatu vimetapakaa kibarazani, makubadhi, ndara, raba, na hakuna mtu hata mmoja. Nauliza, "Vya nani hivi?" Wanajibu kwa pamoja, "Vya walio ndani!" Basi nikiviona pale peke yake, nimeviokota? "Hapanaaa!" Mtoto wa Mombasa analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Halafu nafunua ukurasa wa pili: sakafu ya darasa, na kichongeo kimelala chini ya kiti. Hapo kelele hupungua. Kuna siku nilisubiri karibu dakika nzima kabla ya mmoja kusema, polepole, "Na hiki pia, mwenyewe yuko ndani."

Nikienda kununua kitabu, naangalia kurasa mbili kabla ya bei: ule wenye uso wa aliyeibiwa na ule wa kurudisha. Vingi havina huo wa pili. Mwizi anakamatwa, anachapwa, kwisha. Mwaka 2014 Kang Lee, mtafiti wa Toronto kule Kanada, na wenzake walitoa utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu hadi saba. Mtoto aliachwa peke yake na kichezeo nyuma ya mgongo, akakatazwa kukichungulia, kisha akasomewa hadithi, kisha akaulizwa kama alichungulia. Hadithi ya Pinocchio mwenye pua inayorefuka akidanganya, na ile ya kijana aliyepiga kelele za uongo kwamba mbwa mwitu amekuja, hazikuwafanya waseme kweli zaidi. Iliyosaidia ni ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ambaye katika hadithi hiyo ya utoto wake alikiri kwamba yeye ndiye aliyeukata mti wa baba yake, na baba akafurahi kuambiwa kweli. Watafiti walipougeuza mwisho wake ukawa mbaya, nguvu ile ikapotea. Najua, ule ni utafiti wa uongo, si wa wizi. Lakini anayekaa na watoto anajua jinsi wizi wa mtoto na uongo wake vinavyofuatana kama sindano na uzi.

Ndiyo sababu nimeacha kutumia "siku za mwizi ni arobaini" darasani. Ni methali nzuri kwa watu wazima. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia hivyo, anaanza kuhesabu siku.

Kuna na suala la Sungura. Sote tumelelewa tukicheka naye akila asali ya Simba juu ya mbuyu, na sina nia ya kumfukuza. Ila watafiti wa Toronto hao hao walipowasomea watoto kitabu cha kugawana, waliosomewa chenye wahusika binadamu waligawa stika zao zaidi kuliko waliosomewa chenye wanyama waliovishwa nguo. Kwangu imekuwa hivi: Sungura ni wa Ijumaa, wa kicheko, na somo la mali ya mtu nalifanya kwa watu. Nampumzisha hata yule samaki mdogo wa Jon Klassen, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto (kitabu cha 2012), aliyeiba kofia ya samaki mkubwa. Ni kitabu cha ajabu: maneno yanasema mkubwa amelala, picha inaonyesha jicho limefunguka. Lakini ili ucheke lazima uelewe kwamba mdogo anaamini jambo lisilo kweli, na watoto wengi wa miaka mitatu hawajafika hapo. Kiwekeeni darasa la kwanza.

Vitabu vyenye watu wa kwetu ni vichache, basi tunavitengeneza. African Storybook wana hadithi za picha za Kiswahili bure mtandaoni tangu 2014, na leseni yake inaruhusu kuzichapa na hata kuzibadilisha. Kitabu changu kinachochakaa haraka kuliko vyote, hata hivyo, ni cha karatasi za manila nilizozishona kwa uzi. Mtoto anaingia duka la mtaa. Bi mwenye duka amegeuka kuchukua unga. Mkono uko juu ya chupa ya mabuyu. Ukurasa unaofuata, vidole vyekundu. Kisha uso wa Bi akitazama chupa yake. Ukurasa wa mwisho ni mtupu, nao wanauchora wao.

Mara ya kwanza niliuliza, "Afanyweje sasa?" Wakajibu kwa furaha, kama wanaoimba: "Achapwe!" "Aitiwe polisi!" Na sauti nyembamba ya nyuma: "Achomwe!" Nilifunga kitabu nikanywa maji. Mtaani kwetu ukelele wa "mwizi" haurudi mikono mitupu, na watoto wanasikia na wanaona. Silitamki neno hilo juu ya mtoto. Hata Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Bibi zetu walikuwa na neno la kimo cha mtoto, udokozi, la kunyofoa nyama kwenye sufuria kabla ya wageni kufika, na neno hilo linatosha.

Nikabadilisha swali: "Afanyeje sasa?" Herufi moja tu, na ukurasa mtupu ukajaa mambo mengine. Mmoja alichora sarafu, mwingine ufagio, anafagia mbele ya duka. Mwingine alichora mkono peke yake, mkubwa kuliko mtu, umefunguka.

Wazazi huniuliza kama wamrudishe mtoto dukani kweli. Ndiyo, siku hiyo hiyo, na kilekile alichochukua, au pesa yake kama kishaliwa. Ila nenda kwanza peke yako. Wenye maduka wetu ni wapole, na ukimshtukiza atasema, "Aa, mwache, haina neno, ni mtoto tu," halafu amuongeze mabuyu mengine. Mwombe mapema asicheke na asihutubie. Apokee, ahesabu, aseme ahsante, aendelee kupima unga.