Kurt Warner hakutokea dukani

Nimetumiwa tena ule ujumbe: jana Kurt Warner alikuwa anapanga bidhaa dukani, leo kashika kombe la Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, usikate tamaa. Safari hii umetoka kwa mzazi mmoja ambaye kijana wake ninamfundisha ukwotabeki, nafasi ileile ya Warner, ya mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, hapa Iowa. Kijana ana mkono wa ajabu, ila kitabu cha michoro ya mashambulizi hajakifungua tangu mazoezi yaanze. "Mwalimu, si unaona? Ni subira tu." Hapana, mzee wangu, si subira tu.

Duka ni kweli. Hy-Vee ya Cedar Falls, zamu ya usiku, dola 5.50 kwa saa, baada ya timu ya Green Bay Packers kumwacha mwaka 1994. Lakini kati ya duka lile na kombe la Januari 2000 kuna misimu mitatu ya futiboli ya ukumbini na Iowa Barnstormers, fainali mbili za ligi hiyo, ArenaBowl, alizofungwa zote (1996 na 1997), msimu mmoja Ulaya na Amsterdam Admirals mwaka 1998, kisha benchi la St. Louis Rams ya ligi kuu, NFL. Wanaosambaza ujumbe huu huiruka miaka hiyo yote, na ndiyo iliyomtengeneza.

Kambini kwa Packers mkono alikuwa nao. Kilichokosekana amekieleza mwenyewe: kocha alimwita aingie mazoezini, akakataa kwa sababu michoro haijui. Mbele yake walikuwapo makwotabeki Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer. Nani angemsubiri?

Sasa futiboli ya ukumbini, ambayo watu huicheka bila kuiangalia. Uwanja ni yadi 50, nusu ya ule wa kawaida, na kwa upana haufiki yadi 30. Timu ni watu wanane kwa wanane, kuta ziko pembeni, na mpokeaji anaruhusiwa kuanza kukimbia mbele kabla mpira haujachezwa. Kwotabeki hana nafasi ya kumngoja mpokeaji awe wazi ndipo arushe. Ukimwona yuko wazi umeshachelewa, beki amefika. Unarusha wakati mwenzako bado amekupa mgongo, mpira unaelekea mahali ambapo hapajawa na mtu, na unamwamini atageuka hatua ileile mliyokubaliana.

Hapa ndipo wazazi na watangazaji huniudhi. Wanapima yadi ngapi kijana anaweza kurusha. Mimi naangalia mpira umemtoka mkononi lini. Ligi kuu inakupa kama sekunde mbili na nusu kabla hujaangushwa, na ndani yake umtazame mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku miguu ikigeuka pamoja na macho. Miguu ikibaki nyuma, hata mkono wa chuma utarusha kombo. Warner hakuwa na mbio, na hata mkono wake haukuwa wa kutisha. Mpira ulimtoka mapema, basi.

Nikiri jambo ambalo makocha wenzangu hawapendi kulisema: kama ukumbi ndiyo shule yenyewe, mbona wahitimu wengine wengi hawakufika popote? Sina jibu safi. Na bahati nayo imo. Mwaka 1997 Chicago Bears walitaka kumjaribu, akang'atwa na buibui kwenye kiwiko cha mkono wa kurushia akiwa fungate. Mapema 1999 Rams hawakumweka kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuchukuliwa, Cleveland Browns walipokuwa wanachagua wachezaji wa kuanzia timu upya, na Browns wakampita. Kisha Trent Green, kwotabeki wa kwanza wa Rams, akaumia goti kwenye mechi ya maandalizi. Bila goti lile, huyu wa miaka 28 anabaki benchi.

Matokeo mnayajua: pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, yadi 414 za pasi kwenye Super Bowl dhidi ya Tennessee Titans, ushindi wa 23-16. Hapo nina shaka ya pili. Alikuwa na wenzake hodari: Marshall Faulk, Isaac Bruce, Torry Holt na Orlando Pace. Green baadaye aling'ara Kansas City. Marc Bulger, aliyempokonya namba Warner pale Rams, alifika Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Pengine timu ile ingemfanya yeyote aonekane mfalme. Na Warner alianguka kweli: mkono uliumia, na ufunguzi wa msimu wa 2003 aliangusha mpira mara sita mbele ya New York Giants. Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa Giants haohao, mpaka alipowekwa kando ili Eli Manning aanze.

Kwangu mimi shaka hiyo inapungua akiwa Arizona Cardinals. Timu nyingine, kocha mwingine, anavaa glovu, na Matt Leinart, chaguo la 10 la drafti (mgawo wa wachezaji wapya) ya 2006, ndiye anayeandaliwa kuwa bwana mkubwa. Mwaka 2008 Warner akachukua namba, akapiga yadi 4,583 na kuwafikisha Cardinals kwenye Super Bowl yao ya kwanza.

Nao mchezo ninaowaonyesha vijana unatoka fainali ile. Nusu ya kwanza inaisha, Cardinals wako yadi chache kutoka mstari wa kufungia, Pittsburgh Steelers wanaongoza 10-7. Warner anasoma kwamba James Harrison, mlinzi wa Steelers, anakuja kumvamia, kwa hiyo pasi fupi ya haraka kwa Anquan Boldin itapita. Alisoma sawasawa, mchoro wa Steelers ulimtaka Harrison avamie. Harrison akaonyesha kama anakuja, akarudi nyuma hatua mbili kwa hiari yake, akaunyaka mpira na kukimbia yadi 100. Steelers walishinda 27-23. Kila msimu vijana huniuliza Warner angefanya nini tofauti, nami huwajibu kwamba ningerusha palepale.