Je, wajua kwa nini fahirisi ya hisa, yaani namba moja inayojumlisha bei za hisa nyingi, hupanda huku hisa nyingi zikishuka?

Tuseme umepewa kazi ya kutoa bei moja ya soko zima la Mwanjelwa, Mbeya. Unaweka kwenye kapu mchele wa Kyela, viazi vya Uporoto, mahindi, maharage na ndizi za Tukuyu, kisha mchele unaupa uzito wa nusu kapu. Wiki ambayo mchele umepanda sana, bei ya kapu nayo itapanda, hata kama viazi vimekosa mnunuzi na mahindi yameshuka. Aliyeko Dar atasema Mbeya mambo ni mazuri. Mkulima wa viazi atashangaa.

Fahirisi ya S&P 500 ya Marekani imejengwa hivyohivyo: kampuni takribani 500, kila moja na uzito kulingana na thamani yake sokoni. Mwaka 2023 ilipanda kwa takribani asilimia 24, lakini ile inayozipa kampuni hizohizo uzito sawa ilipanda kama nusu ya hapo. Vigogo wachache, Apple, Microsoft na Nvidia wakiwemo, ndio waliolibeba kapu.

Ndiyo maana wanaofanya biashara ya fyucha, yaani mikataba ya kununua au kuuza fahirisi kwa bei ya leo na kumalizana siku za mbele, hutazama pia upana wa soko, yaani ni hisa ngapi zinazopanda pamoja. Kipimo kikongwe ni chepesi: idadi ya hisa zilizopanda toa zilizoshuka, jibu la kila siku unalijumlisha kwenye la jana mpaka upate mstari. Fahirisi ikipiga kilele kipya na mstari ukabaki chini, ujue wanaovuta mkokoteni wamepungua. Wa biashara za siku moja hutazama Tick, inayohesabu papo hapo hisa za soko la New York ambazo bei yake ya mwisho imepanda, ukitoa zilizoshuka. Ikivuka 1,000, wanunuzi wameingia kwa pamoja. Soko hilo hufunguliwa saa 10:30 jioni kwa saa za Mbeya, au 11:30 majira ya baridi ya kule, kwa hiyo hata aliyeshinda shambani anawahi.

Lakini hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Upana huonya mapema mno. Mstari wa soko la New York ulifika kilele Aprili 1998; S&P 500, ingawa ilitikisika vibaya kati ya Julai na Oktoba mwaka huo, ilipanda tena hadi Machi 2000, zaidi ya alama 350 juu ya pale. Mkataba wa fyucha wa fahirisi hiyo uitwao E-mini, unaouzwa Chicago, huhesabu dola 50 kwa kila alama. Aliyeuza mkataba mmoja Aprili 1998 akitarajia bei ishuke, na kung'ang'ania hadi kilele kwa kuhamia mkataba mpya kila muda ulipokwisha, kwa hesabu ya alama pekee alikuwa amepoteza zaidi ya dola 17,500, na onyo lake lilikuwa la kweli! Mimi upana ungenifanya nipunguze mikataba, kisha ningesubiri bei yenyewe ivunjike ndipo niuze.

Fyucha za fahirisi hatuna Dar es Salaam, ila kuhesabu unaweza kujifunzia hapahapa. Kampuni za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, hazifiki hata 40. Siku fahirisi ya hisa zote ikipanda, chukua kalamu uhesabu ngapi zimepanda kweli, na uangalie kama aliyeisukuma si kampuni ya Nairobi iliyoorodheshwa pia kwetu.