“Fundi, nikazie klachi”: dhana potofu za klachi na gia za pikipiki

Haipiti wiki bila bodaboda kuegesha pikipiki mlangoni na kuniambia, “Fundi, nikazie klachi kidogo, inateleza.” Wengine wanakuwa wameshajikazia wenyewe kijiweni, wanataka tu nimalizie. Nafanya kazi Mbeya, mji wa vilima. Pikipiki zinashuka hapa na magunia ya viazi kutoka milima ya Uporoto, zinapanda na mbolea na saruji, kwa hiyo klachi zilizoungua naziona nyingi. Lawama zote hutupiwa mzigo. Mzigo unachangia, sikatai, lakini nyingi ninazozifungua zimemalizwa na imani hii moja: kwamba ukikaza waya, klachi inashika.

Waya haushikishi klachi. Kazi yake ni moja tu, kuiachisha. Kinachoshikisha ni springi zilizo ndani ya kaveri ya kulia. Zenyewe hukandamiza presha pleti (sahani ya kubana), presha pleti inabana klachi pleti (sahani zenye nyuzi za msuguano) na pleti za chuma, nguvu ya injini inapita kwenda kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, waya unashindana na springi ili pleti ziachane. Sasa ukikaza waya mpaka mkono hauna uchezaji hata kidogo (ule ulegevu kabla waya haujaanza kuvuta), maana yake unaanza kuiachisha klachi hata kabla hujagusa mkono. Springi zinabana nusunusu. Barabara tambarare ukiwa mwenyewe huoni tatizo. Weka abiria wawili, panda mlima: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inakufikia puani.

Kuna jambo la pili ambalo karibu hakuna anayelisema kijiweni. Klachi pleti zikichakaa zinakuwa nyembamba, presha pleti inaingia ndani zaidi, na uchezaji wa waya unapungua wenyewe. Kwa hiyo pikipiki iliyoanza kuteleza mara nyingi inahitaji waya ulegezwe, si ukazwe. Mtu anayekaza hapo anamalizia kidogo kilichobaki.

Mteja hubishana nami: “Lakini kaka, mwezi uliopita nilikaza ikapona!” Namwamini. Ila mwezi uliopita ugonjwa ulikuwa mwingine. Waya mpya hurefuka, uchezaji unazidi, klachi haiachii vizuri. Gia inakuwa ngumu, nyutro haipatikani kwenye foleni, na ukiweka namba moja pikipiki inataka kuondoka ingawa umeshika klachi. Hapo kukaza ni dawa sahihi kabisa. Kisha dawa ya klachi isiyoachia inapelekwa kwa klachi isiyoshika, magonjwa mawili yaliyo kinyume.

Kuyatofautisha hakuhitaji gereji. Ukiwa barabara nyoofu isiyo na magari, kwenye gia ya juu na mwendo wa wastani, vuta moto kwa nguvu. Mlio wa injini ukipanda ghafla na mwendo ukabaki palepale, inateleza. Mlio na mwendo vikipanda pamoja, lakini gia zinakwaruza au nyutro inakusumbua ukiwa umesimama, haiachii. Baada ya hapo angalia uchezaji. Vuta mkono wa klachi taratibu kwa kidole mpaka uhisi waya umeanza kukaza: ncha ya mkono iwe imesogea kama milimita 10 hadi 20, na pale kwenye shina la mkono pawe na mwanya wa milimita 2 au 3. Pima usukani ukiwa katikati, kisha uukate kushoto na kulia. Uchezaji ukipotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya nyuma ya taa.

Ikiwa uchezaji upo na bado inateleza, acheni waya. Fungueni kaveri. Pleti mpya kwenye pikipiki zetu nyingi ina unene wa karibu milimita 3. Ikipungua kwa sehemu chache tu za kumi za milimita imekwisha, ndiyo maana kuiangalia kwa macho hakutoshi. Pleti ya chuma iliyogeuka rangi ya bluu imepata joto kali. Ilaze juu ya kioo: ikicheza pembeni imepinda, itupwe. Springi nazo zisimamishe pamoja na mpya uone kama zimefupika. Mimi siwahi kufunga klachi pleti mpya na springi za zamani, na mteja asiyetaka kununua springi namwomba aende kwingine. Bei yake ni ndogo mno kuwa sababu ya kufungua injini mara mbili. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili ya injini kabla ya kufungwa. Wengi wanazifunga kavu.

“Piga msasa tu, fundi, zitashika.” Zitashika siku chache. Pleti iliyoungua imeharibika mpaka ndani ya nyuzi zake. Msasa unaondoa kung’aa kwa juu na kupunguza unene ambao tayari hautoshi. Kubadilisha pleti mbili kati ya zote ni hasara ileile, kwa sababu zilizochoka na mpya hazigawani kazi sawa.

Imani ya kuweka washa (kile kipande cha chuma cha duara chenye tundu) chini ya springi ndiyo inayonikera zaidi baada ya ile ya waya. Kweli, springi inabana zaidi. Mkono unakuwa mgumu hadi vidole vinauma, waya unakatika mapema, na vile vinguzo vya alumini vinavyoshika bolti hupasuka. Kikipasuka kimoja utanunua spea ya bei kubwa kuliko springi zote. Bolti hizo hukazwa kwa kupishanisha, kwa nguvu ya wastani. Hazitaki mtu akaze kwa mwili mzima.

Kuhusu oili: “oili ni oili” si kweli kwenye pikipiki. Oili moja inahudumia injini, gia na klachi, na klachi inaogelea humohumo. Oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa, kama 5W-30, zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Klachi inaishi kwa msuguano. Geuza chupa usome nyuma: ikiandikwa JASO MA au MA2 (alama za viwango vya Kijapani vya oili za pikipiki), inafaa. JASO MB ni ya skuta, ambazo klachi yake iko kavu. Kuna wengine wanaomimina oili nzito ya gia ndani ya injini ili klachi “ikamate”. Asubuhi za baridi ya huku Mbeya oili hiyo haipandi juu upesi, na pleti zinagandana gia isiingie.

Gia ikiruka, hasa namba mbili, usiniambie nibadilishe klachi. Ndani ya gia za pikipiki meno makubwa yameshikana muda wote. Kinachoingia na kutoka ni meno ya pembeni ya gia. Hayo yakichongeka pembe kwa kupigwa teke na kuingizwa nusunusu, yanasukumana yakiachia, gia inaruka chini ya mzigo. Uma wa gia, ule unaosukuma gia ziingie na kutoka, ukipinda matokeo ni yaleyale. Tiba yake ni kupasua injini, na gharama yake haifurahishi. Lakini kwanza angalieni vya nje: pedali ya gia iliyolika meno kwenye shafti, pedali iliyopinda inayogonga kaveri kabla haijafika mwisho, springi ya kurudishia pedali. Hivyo huisha bila kupasua kitu.

Na gia isiyoingia pikipiki ikiwa imesimama injini imezimwa? Si ugonjwa. Meno ya pembeni yamekutana uso kwa uso. Sukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo huku ukibonyeza pedali kwa upole, itaingia. Kuna watu wameuziwa klachi nzima kwa sababu hiyo tu, na inaniumiza.

Mwisho, nati kubwa ya katikati ya klachi. Kwenye baadhi ya injini ni ya duara yenye mikato minne, na ina soketi yake maalumu inayouzwa kwenye maduka ya spea. Ukiona fundi anaifungua kwa patasi na nyundo, msimamishe. Kila pigo linaenda kwenye beringi za ndani, mikato inaliwa, na nati iliyokazwa kwa nyundo hulegea njiani. Muulize soketi iko wapi kabla hajamwaga oili.