Kiziwi asiyeona: anza na mkono wake

Wengi wakisikia "kiziwi asiyeona" wanapata picha ya mtu aliye kwenye giza totoro na kimya kabisa, kumbe wengi wao wana mabaki ya kuona au kusikia, huyu anaona kivuli, yule anasikia ukimsogelea sikioni. Kipofu anategemea masikio, kiziwi anategemea macho, sasa huyu ategemee nini? Ndo maana tunasema ni ulemavu unaojitegemea, sio upofu ukajumlisha na uziwi. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona kwenye ripoti yake ya 2018 lilikadiria kwamba wao ni kati ya asilimia 0.2 na 2 ya watu wote duniani.

Wapo wanaozaliwa hivyo kwa sababu mama alipata rubela, ugonjwa wa virusi, mwanzoni mwa ujauzito (na chanjo yake ipo jamani). Wapo wazee wetu, umri tu. Alafu kuna sindromu ya Usher, ugonjwa wa kurithi, mtoto anazaliwa kiziwi au na usikivu hafifu, baadaye macho yanafifia taratibu, anaanza kwa kutoona gizani, mwisho anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kwa hiyo mzazi, mwanao kiziwi akiwa mchana yuko sawa ila jioni anagonga viti, usimgombeze kwamba ni mzembe, mpeleke akapimwe macho.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Unakuta mtu anamnyanyua mtoto ghafla kutoka nyuma, mtoto anakakamaa mwili mzima, analia, anaambiwa mkorofi, wakati hakujua hata kama kuna mtu. Mpe taarifa kwanza, kabla ya kula ashike kijiko, kabla ya kuoga apapase taulo, kila siku kitu kilekile, iko siku atashika tu kijiko na mdomo utafunguka wenyewe. Hilo tayari ni neno. Helen Keller, Mmarekani aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19, alielewa neno "maji" mwaka 1887 pale mwalimu wake Anne Sullivan alipomwekea mkono mmoja kwenye maji yanayotiririka huku akimtajia herufi kwa vidole kwenye mkono wa pili.

Kwa mtu mzima, mguse begani taratibu, tulia kidogo, teleza mpaka kwenye mkono wake na uweke wako chini ya wake ili yeye ndo aamue kushika, usiudake ukauvuta maana mikono ndo macho yake. Hujui lugha ya alama ya kugusana, ile anayoisoma kwa kushika mikono yako? Mwandikie kwa kidole kiganjani, herufi kubwa, moja moja, polepole. Na maswali muulize yeye, sio mwongozaji wake.

Ukiondoka muage, na usimwache katikati ya chumba, mfikishe mkono wake uguse kiti au ukuta. Nimeshamuona mzee mmoja akiendelea kuongea kwa alama, anacheka kabisa, na aliyekuwa anaongea nae ameshatoka nje zamani.