Je, wajua kwa nini Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi?

Kwa Wamarekani hiyo ndiyo maktaba ya taifa, ingawa kisheria ni ya Bunge. Iko Washington, lakini tangu 1966 imekuwa na ofisi Nairobi inayokusanya vitabu, majarida na magazeti ya huku kwetu, ya Kiswahili yakiwemo. Mbunge wa Ohio ana haja gani nayo?

Chanzo chake ni moto. Bunge lilianzisha maktaba hiyo mwaka 1800 kwa dola 5,000, na vitabu vingi vilikuwa vya sheria. Agosti 1814, vitani, askari wa Uingereza wakalichoma jengo la Bunge na vitabu vikateketea humo.

Rais mstaafu Thomas Jefferson, aliyekuwa amezama kwenye madeni, akajitokeza kuuza maktaba yake ya nyumbani: vitabu 6,487 kwa dola 23,950. Wabunge wakavutana. Humo mlikuwa na falsafa, ujenzi na fasihi, vitabu vya Kifaransa na Kihispania, hata takwimu kwa Kirusi. Nani angevisoma? Jefferson alikwishajibu kwenye barua yake kwamba hakuna jambo ambalo mbunge hatalihitaji siku moja. Maneno ya muuzaji, ni kweli, lakini yalishinda, kwa kura 81 dhidi ya 71 tu. Mwaka 1815 makabati yakapigiliwa mbao, vitabu vikiwa ndani, yakasafirishwa kwa magari ya farasi.

Mkesha wa Krismasi 1851 moto ukazuka tena, safari hii kwa hitilafu ya bomba la moshi, ukala theluthi mbili ya vitabu vya Jefferson. Kurani yake, tafsiri ya Kiingereza ya George Sale, ilinusurika. Januari 2007 Keith Ellison, Muislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge hilo, aliitumia kwenye hafla ya kiapo chake.

Hoja ya Jefferson ndiyo iliyobaki kuwa sera: kusanya kila kitu. Kwa vitabu vya Marekani kazi ilikuwa rahisi, maana sheria ya 1870 ilimtaka kila anayesajili hakimiliki alete nakala mbili. Mchapishaji wa Dar es Salaam au Mombasa habanwi na sheria hiyo. Vyake lazima mtu avifuate, avinunue, avisafirishe, na kwa Washington ni rahisi zaidi mtu huyo akiwa Nairobi.